Kiitikio Bila Mwito

Ti, ta.

Kimya kidogo, kama pumzi ya mtu anayetafuta neno. Kisha tena: ti, ta. Ti, ta.

Mhina Singano alikuwa amefumba macho. Spika mbili ndogo zilimziba masikio, na Kwamlembe yote, shamba la mkonge, korona zake za kuchakata majani zinazonguruma na mitaro yake yenye maji ya kijani yanayonuka, ilikuwa imebaki nje. Ndani mlikuwa na mdundo tu. "Ti" ilikuwa mwito, seli moja ikiiambia jirani yake kwamba nafasi ipo, gawanyika. "Ta" ilikuwa jibu. Nyama changa huongea hivyo inapoota, mchana kutwa, bila kuchoka.

Mashine za Nyumba ya Viungo, zahanati ya kuotesha vidole vilivyokatika, ziliweza kuyageuza maongezi hayo kuwa sauti, na ziliweza kuyahesabu. Kuyasikiliza hazikuweza. Ndiyo maana miaka minne iliyopita walimtoa Mhina kwenye kamba za kuanikia singa, kijana asiye na cheti chochote ila sikio, aliyejifundisha mizani ya shairi kwa kuhesabu silabi huku akitandaza nyuzi za mkonge juani. Walimpa koti jeupe. Alilivaa kama mfalme avaavyo joho, na hakuona haya.

Ti, ta. Ti, ta. Ta.

Akatabasamu. Hiyo ya mwisho ilikuwa yake. Aliisikia mara ya kwanza mwaka juzi katika kidole kipya cha Kilango, mpakiaji wa marobota, mtu aliyependa kucheza ngoma kuliko kula. Wakati ule Mhina alidhani kwamba hata nyama ya Kilango ina madaha: waimbaji wote wameshanyamaza, yeye anaongeza kofi moja la peke yake. Akalichukua kofi hilo akalitia kwenye wimbo wake. Sasa Kwamlembe nzima ililipiga. Wanawake walilipiga wakipepeta mchele, watoto walilipiga wakienda kisimani. Waliliita kofi la Mhina.

Akafumbua macho. Mbele yake ulikuwa mkono wa kulia wa dada yake Mwanjaa, umevishwa glavu nyembamba ya nyaya, na vidole vinne vipya vimelala juu ya mto kama vifaranga. Siku ya thelathini na tisa.

"Unacheka peke yako kama mwehu," Mwanjaa akasema. "Kidole changu kimekutania nini?"

"Kinanisifu, dada."

"Basi hata vidole vimeshajua kukudanganya." Akakinyanyua cha shahada na kukigeuza kwenye mwanga. "Umekiona hiki? Kimempita mwenzake wa kushoto. Nikimwelekeza mtu njia ya Handeni, kitafika kabla yake."

Wakacheka wote wawili. Kidole kilikuwa kirefu kweli, kwa upana wa ukucha mmoja. Katika faili, kiungo cha namna hiyo kiliandikwa "kichangamfu", na neno hilo halikuwahi kumtia mtu yeyote shaka.

Vile vya zamani vililiwa na korona mwezi wa pili. Zamani palikuwa na bamba la chuma lililozuia mkono usilifuate jani ndani ya mashine. Bamba liliondolewa mwaka wa pili baada ya Nyumba ya Viungo kufunguliwa, kwa kuwa lilipunguza kasi. Na kidole kinaota, si ndiyo? Sindano moja ya mwamsho, siku arobaini za joto na uji mzito, sindano ya pili ya kufunga, na mtu anarudi kulisha korona akiwa na mkono wa mtoto mchanga. Kwamlembe ilikuwa na watu mia tatu na kumi na moja waliofanyiwa hivyo. Kila mmoja wao alisikilizwa na Mhina kabla ya kufungwa, na kila mmoja Mhina alimwandikia: salama.

Kwa majivuno tu, wala si kwa wajibu, akairudisha nyuma sauti ya mkono wa dada yake na kuipunguza kasi mara nane. Alitaka kulisikia kofi lake taratibu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Ti. Ta.

Ti. Ta.

Ta.

Ta. Ta.

Tabasamu likamganda usoni. Kofi halikuwa moja. Nyuma ya lile alilolizoea yalikuwapo mengine, mengi, ya chini, kama watu wanaopiga makofi katika nyumba ya tatu. Yalikuja bila "ti". Hakuna aliyeyaita. Akazidi kupunguza kasi, akitafuta mwito uliojificha, labda dhaifu, labda umechelewa, na hakuupata. Mwimbaji alikuwa ameshanyamaza. Kiitikio kilikuwa kinaendelea.

Sheria ya kwanza aliyofundishwa siku alipovaa koti jeupe ilikuwa fupi: jibu halitangulii mwito.

Akamkumbuka Kilango. Miezi miwili iliyopita walimzika akiwa na uvimbe kwapani ukubwa wa kifuu cha nazi, upande uleule wa kidole kipya. Watu walisema ni jipu lililokosa dawa. Mhina mwenyewe alisimama kaburini akasoma beti tano, na watu wakamsifu kwa beti hizo.

Mwanjaa alikuwa anamtazama. "Vipi?"

Akamwambia kwamba sauti haijakaa vizuri, ataisikiliza tena, aende nyumbani. Mwanjaa akauliza kama anaweza kumalizia kumsuka mtoto wa jirani, maana alikuwa ameshaanza kwa siri. Mhina akasema asisuke. Alisema kwa sauti iliyomfanya dada yake asimame mlangoni, kisha dada akaamua kuipuuza, kama alivyozoea kuzipuuza ghadhabu za mdogo wake tangu akiwa mtoto.

"Kesho ni siku ya arobaini, vaa kanzu safi," akamwambia. "Wewe ndiye utakayevifunua vidole vyangu juani. Usije ukanitia aibu na hilo koti lako."

*

Daktari Atupele alisikiliza sauti ya mkono wa Mwanjaa mara mbili. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Rungwe, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo asilolipenda. Aliivua. Kisha akachukua punje ya nyama kutoka sampuli ya asubuhi ya Mwanjaa, akaitia katika kisomeo cha jeni, na wote wawili wakangoja herufi zijipange kwenye skrini.

Ukutani nyuma yake palikuwa na bango ambalo kila mfanyakazi wa Kwamlembe alilijua. Madaktari waliziita jeni kwa majina ya herufi na namba yasiyotamkika, kwa hiyo bango lilizipa mbili kati yake majina ya watu. Ya kwanza iliitwa Mlezi. Ndiyo inayoziambia seli zigawanyike mwito ukija; ndiyo iliyotulea sote tumboni, ikatutengenezea vidole kumi, kisha ikaambiwa ipunguze kazi. Ya pili iliitwa Mlinzi. Hiyo hupita ikikagua, na ikikuta seli yenye kasoro huizuia, au huiamuru ife. Sindano ya mwamsho ilimwamsha Mlezi. Sindano ya pili ilimrudisha kulala. Hayo tu ndiyo yaliyoandikwa kwenye bango.

"Soma hapa," Daktari akasema.

Mhina akasoma. Mstari wa juu ulikuwa Mlezi wa kawaida, wa chini ulikuwa Mlezi aliyetoka kwenye kidole cha dada yake. Herufi kwa herufi ilifanana, mamia kwa mamia, mpaka macho yakachoka. Kisha akaona. Mahali pamoja palipokuwa na G sasa palikuwa na T.

"Herufi moja?"

"Moja. Mlezi mzima akiitwa huinuka, hufanya kazi, huketi. Huyu goti lake limekauka. Ameinuka na hawezi tena kuketi." Daktari aliitazama skrini, si Mhina. "Na usitafute mchawi. Hakuna kilichoingia kutoka nje. Ni jeni ileile aliyozaliwa nayo, iliyomkuza. Saratani haianzi na mgeni, Mhina. Inaanza na mwenyeji."

Mhina alisema kwamba sindano ya kufunga itamlaza. Daktari akatikisa kichwa. Sindano ile ilikuwa kufuli, na kufuli halina kazi kwenye mlango ambao komeo lake limevunjika.

Kisha, bila kuombwa, akafungua faili nyingine. Jina la juu lilikuwa la Kilango. Mlezi wa Kilango hakuwa amekosewa hata herufi moja. Alikuwa amenakiliwa. Ukurasa mmoja uliopaswa kuwapo mara mbili tu katika kila seli ulikuwapo mara arobaini na zaidi, Walezi arobaini katika chumba kimoja, kila mmoja akisema jambo sahihi, wote kwa pamoja. Kulikuwa na faili ya tatu, ambayo jina lake Daktari alilifunika kwa kiganja. Humo Mlezi aling'olewa mahali pake akabandikwa katika ukurasa mwingine, ubavuni mwa jeni isiyolala usiku wala mchana, naye akajifunza kukesha. Herufi zake zilikuwa kamili. Nyumba ndiyo haikuwa yake.

Mhina alielewa haraka kuliko alivyotaka kuelewa. Alijua jinsi shairi linavyokufa: kwa silabi moja iliyozidi, kwa kibwagizo kilichorudiwa mpaka kikawafukuza wasikilizaji, kwa ubeti wa kumbembeleza mtoto uliopachikwa katikati ya wimbo wa vita. Neno lenyewe halina kosa. Lakini shairi limeshakufa.

Ndipo jambo lingine likamfikia.

"Faili ya Kilango umeisoma lini?"

"Wiki aliyokufa."

"Miezi miwili."

Daktari Atupele hakujitetea. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi za kwanza kabisa za mwamsho, zile zilizoletwa na waliouvumbua, akaziweka mbele yake na kidole juu ya mstari mmoja. Fungeni siku ya thelathini na tatu. Isizidi.

"Nani alituambia tungoje arobaini?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Jibu lilikuwa limekaa juu ya kiti cha Mhina, ndani ya koti lake. Nyumba ilipofunguliwa watu walikataa kuja. Wanawake wa Kwamlembe walisema kidole kinachoota ni kama kichanga, na kichanga hakitolewi nje kabla ya arobaini yake. Kukidunga siku ya thelathini na tatu ni kukinyonga. Yeye alikuwa na miaka ishirini na mitano na moto wa mtu aliyekwishaambiwa mara nyingi kwamba hajasoma. Akatunga wimbo mmoja, na wimbo huo ukaigeuza hofu ya wanawake kuwa sherehe, sherehe ikawa sheria, na Nyumba ikajaa. Daktari alikubali siku saba zaidi. Siku saba ni kitu gani?

Sasa Daktari akamweleza. Siku ya thelathini na tatu kidole kimekamilika. Seli hazina tena pa kwenda, hazina haja ya kuitana. Lakini dawa bado imeushikilia mlango wazi. Katika umati ule uliobanana, seli yoyote iliyoharibika kiasi cha kugawanyika bila kuitwa inawapita wenzake wote, inazaa, na watoto wake wanazaa. Kwa siku saba inafundishwa kwamba haimhitaji mtu.

"Mkono wa dada yako tutauondoa keshokutwa, juu ya kifundo," akasema. "Nitaandika umeoza. Atapona."

"Na wale wengine?"

Alikuwa ameshapiga hesabu, huenda mara nyingi. Kati ya thelathini, labda mmoja. Wengine Mlinzi wao yuko macho, na kosa moja peke yake halitoshi kumuua mtu. Lazima makosa kadhaa yaangukie seli moja. Wengi watazeeka na vidole vyao. Alikuwa amewaandikia wakubwa na kuomba glavu zaidi na wasikilizaji zaidi, na wakubwa walikuwa wamejibu kwamba barua imepokelewa. Mpaka hapo, glavu moja iliyopo haitoki nje ya Nyumba, na neno hili halitoki nje ya chumba.

Mhina alisimama. Aliona hasira ikimpanda na akaifurahia, maana hasira ilikuwa nyepesi kuliko aibu. Alisema watu wana haki ya kujua kilichomo miilini mwao. Alisema Kilango alikuwa na haki hiyo.

"Unawajua watu wako kuliko mimi," Daktari akamjibu. "Ukiwaambia leo, kesho kutakuwa na gogo na panga kila uani. Watu mia tatu watakata vidole vizima kwa ajili ya kumi vibovu. Na watakaovuja damu mpaka wafe, Mhina, utawatungia beti ngapi?"

Swali hilo lilimuuma zaidi, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno. Alitoka. Alipofika ukumbini hapakuwa na mtu, na glavu ya nyaya ilikuwa imelala juu ya mto pale alipoiacha.

Aliikunja pamoja na spika zake, akaitia katika mfuko wa koti.

*

Aliwasikia kabla hajafika kwenye uzio. Wanawake kumi au kumi na wawili walikuwa wamekaa mikekani uani kwa Mwanjaa wakichagua mchele wa sherehe ya kesho, na walikuwa wanaujaribu wimbo.

Kidole kama mtoto, na arobaini yake,
Kimelala kwenye joto, kikingoja siku zake,
Msikifunge kitoto, hakijajua mwenzake,
Mwacheni atoke kwake, siku ya arobaini.

Wakanyamaza. Kisha, kama ilivyo desturi, kofi moja likaanguka katikati ya kimya.

Mhina alisimama akalishika fito la uzio. Aliyepiga kofi lile, aliyeongoza wimbo wote, alikuwa Bi Mwanvua, mjane wa Kilango. Alikuwa na kidole gumba cha kushoto kilichoota miaka miwili iliyopita, cheupe kidogo kuliko mkono wake.

"Malenga huyo," Bi Mwanvua akawaambia wenzake. "Amekuja kusikia kama tunamharibia." Wakacheka, wakamwomba akae awasahihishe. Akapita katikati yao akiitikia salamu asizozisikia, akaingia ndani.

Mwanjaa alikuwa kitandani, mkono umefungwa kanga mpya. Hakumtania. Alimtazama mfukoni, palipovimba, akasema: "Sauti imekaa vizuri?"

Mhina alikuwa ameandaa maneno njiani. Alikuwa ameyapanga vizuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yakamtoroka. Akamfungua mkono, akamvisha glavu, na spika akampa yeye, sikio moja, lingine akalivaa mwenyewe. Wakakaa hivyo, vichwa vimekaribiana, kama zamani walipokuwa wakisikiliza redio moja. Akapunguza kasi mara nane na akamwonyesha kwa kidole: huu mwito, hili jibu. Mwito, jibu. Kisha akaacha kuonyesha, kwa sababu hapakuwa na haja. Mwanjaa alikuwa mwimbaji kabla yake. Alisikia.

Mhina akamweleza yote, herufi iliyogeuka, kufuli lisilofaa, mkono utakaoondolewa keshokutwa. Akamweleza kwamba si mdudu wala si laana.

"Kwa hiyo ni mimi mwenyewe," Mwanjaa akasema.

"Ni jeni iliyokukuza, dada. Imeshindwa kuacha."

Mwanjaa akavitazama vidole vyake virefu kwa muda. Mama yao alipokufa yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Mhina alikuwa bado hajaota meno. Kwa mkono huu wa kulia, ule wa zamani, alimlisha uji, akamwosha, akamchapa, akamlishia korona miaka kumi na tisa.

"Naijua hali hiyo," akasema mwishowe. "Ulikuwa na miaka kumi na sita, una ndevu tatu, na mimi bado nikikufuta kamasi mbele za wasichana. Ulilia kwa hasira. Ulisema, Dada, niache, nimeshakua." Akacheka kidogo, na kicheko kikakatika. "Hakuna aliyeniambia mapema."

Nje wimbo ukaanza upya. Ulipofika mwisho wakasikia kimya, halafu kofi. Lilianguka sawasawa juu ya "ta" iliyokuwa ikilia masikioni mwao, mdundo mmoja, wa uani na wa mkononi.

Mwanjaa akavua spika.

"Mhina. Kofi lile ulilitoa wapi?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa hodari wa maneno, na dada yake alitaka kumwamini. "Kwenye kidole cha Kilango," akasema. "Siku ya thelathini na tisa. Nilidhani ni madaha."

"Ulimsikia anakufa, ukamtia kwenye wimbo."

Alisema bila kupaza sauti. Mhina aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu alivae aliliona koti lile jinsi lilivyo, kitambaa cheupe chenye mfuko.

Baada ya hapo akamwambia lililobaki, kuhusu wale mia tatu na kumi na moja, kuhusu magogo na mapanga. Akasema Daktari si mtu mbaya, na kwamba hofu yake ni ya kweli. Yeye mwenyewe ameitafutia jibu njia nzima na hakulipata. Akisema, watu watajikata. Asiposema, kumi watakufa wakiimba wimbo wake.

Mwanjaa alijisugua kifundo, mahali mkono utakapoishia.

"Huu mkono nitautoa," akasema. "Umeshanisaliti, na mimi nina mtoto wa jirani sijamalizia kumsuka, nitamalizia kwa kushoto. Lakini siutoi kwa siri. Ukiandikwa kwamba umeoza, nitakuwa nimekatwa bure." Akauinua, na glavu ikametameta. "Daktari anaogopa watu waambiwe. Waambiwe na nani? Na karatasi ukutani? Karatasi haina masikio. Wewe ndiye uliyewaandikia salama, mmoja mmoja. Karudi kwao mmoja mmoja. Mtu akiambiwa huku anasikilizwa, panga atalishikaje? Mkono wake utakuwa ndani ya glavu."

Mhina akamtazama. Ilikuwa rahisi hivyo, na ilikuwa nzito hivyo. Nyumba mia tatu na kumi na moja; glavu moja, ya wizi; na katika kila nyumba, kabla ya kusikiliza, kusema kwamba wimbo ulikuwa wake na kofi lilikuwa la marehemu.

"Watanipiga, dada."

"Wengine watakupiga," Mwanjaa akakubali. "Anza na yule mwenye haki ya kwanza."

Mhina akamvua glavu kwa upole, akamfunga tena kanga. Wakatoka pamoja. Jua la alasiri lilikuwa kali, na wanawake walipomwona Mwanjaa nje, siku moja kabla ya siku yake, mkono ukiwa bado umefungwa, sauti zao zikakatika moja baada ya nyingine. Ungo ukabaki hewani. Aliyekuwa anacheka akamaliza kicheko chake peke yake.

Mhina akavua koti jeupe na kulitundika kwenye uzio. Akaenda na glavu mkononi mpaka kwenye mkeka wa Bi Mwanvua, akapiga magoti mbele yake, na kwa maneno machache kuliko aliyowahi kuyatumia maishani mwake akamwambia Kilango alikufa kwa nini, nani alisikia, na nani alinyamaza kwa kutojua alichokisikia. Akamwambia kuhusu siku saba. Hakulitaja jina la Daktari. Alilitaja lake.

Bi Mwanvua aliendelea kuutazama mchele uliokuwa mapajani mwake, akatoa kijiwe kimoja, akakitupa. Halafu akautazama mkono wake wa kushoto, kidole gumba kile cheupe, akautoa polepole na kuuweka juu ya goti la Mhina kama mtu anayeweka kitu kisicho chake.

"Na ukilisikia kofi humu?" akauliza.

Mhina aliivuta glavu juu ya kidole, waya kwa waya.

"Nitakwambia kabla sijavua spika, Bi Mwanvua, kwa mdomo huu uliotunga. Nikitoka kwako nitakwenda mlango unaofuata, na unaofuata, mpaka wa mia tatu na kumi na moja, na hakuna atakayejikata kabla sijamsikiliza. Hata wakinipiga, nitarudi. Nakuahidi."